Jumapili Aliyokataa Kuiandika

Zamani mzee aliogeshwa na wanawe. Siku hizi, hapa ughaibuni, Walthamstow, tunaogeshwa na watu wa kampuni ya kutunza wazee. Mimi aliniogesha mama mmoja Mkongomani. Kwanza alipasha taulo kwenye hita, kisha alinikausha vidole vya miguu kimoja kimoja, akinong'ona sala. Jumapili moja kampuni haikutuma mtu. Kesho yake bosi akampigia simu mama huyo, akamwamuru aandike kwamba siku ile alikuja kuniogesha. Alikataa. Nikamwambia, "Andika tu, mwanangu, watakufukuza." Akacheka. "Papa, Yesu nitamwambia niliogesha kivuli chako?" Alhamisi walimfukuza. Mara ya mwisho nilimwona kupitia dirishani, amesimama mvuani na mwanamke aliyepewa kazi yake, amekunja mkono, akimwonyesha jinsi ya kupima joto la maji yangu ya kuoga kwa kiwiko.