Fundi wa Maji na Galoni za Siri

Verlyn Oltmanns alikuwa fundi wa maji wa mji wa Dornum, jimbo la Iowa, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akinywa maji ya chupa. Hata kwenye harusi ya mwanawe huko Chicago alibeba ya kwake kwenye chupa ya chai. Mji mzima, watu mia sita na ushei, ulikunywa kisima kimoja, na kila asubuhi kabla ya kahawa Verlyn aliyapima maji yake, akaandika namba kwenye daftari kwa mwandiko wa mtoto mtiifu.

Maji yenyewe, tusidanganyane, yalikuwa na chokaa ya kujengea nyumba. Birika zilivaa ukoko, vichwa vya bafu viliziba, glasi zilitoka kuoshwa zikiwa na ukungu. Ukimlalamikia Verlyn atakujibu, "Hiyo ndiyo mifupa ya wajukuu wako, usiikwangue." Na kwa kuwa watu wa kule hawana tabia ya kumbishia mtu usoni, walisema tu, "Si mabaya," wakaenda zao dukani kununua siki ya kuondolea ukoko. Neno hilo kwao ni sifa na ni lawama, inategemea msemaji anaangalia wapi anapolisema.

Basi mwaka aliotimiza sitini na mitatu, mkewe LaVonne alihama chumba. Hawakugombana. Verlyn alikuwa akikoroma mpaka picha za ukutani zinatikisika, kisha pumzi inakatika, kimya kabisa, halafu anashtuka akihema. LaVonne alichoka kulala akimsikilizia kama bado yu hai. Akambeba mpaka kwa daktari, na Verlyn akarudi na mashine ya kupumulia usingizini: barakoa ya puani, mpira mrefu, na pembeni kitangi cha maji yanayopashwa moto ili hewa isimkaushe koo.

"Kitangi hiki unakitia maji ya mvuke tu," nesi alimwambia. "Yale ya galoni, ya dukani. Usitie ya bomba."

"Ya bomba yana nini?"

"Hayana ubaya, bwana. Yana madini tu."

"Dada, unajua unaongea na nani?"

Nesi hakujua. Alikuwa mtu wa mji mwingine.

Maji ya mvuke ni yale yaliyochemshwa, mvuke wake ukakusanywa na kupozwa ukawa maji tena, chokaa ikabaki nyuma. Mafundi magari wetu huyaita maji ya betri. Verlyn aliyajua vizuri, maana ndiyo aliyokuwa akisuuzia vyombo vya vipimo kazini. Kwake hayo hayakuwa maji, yalikuwa maiti ya maji. Alifika nyumbani, akafungua bomba la jikoni, akajaza kitangi mpaka kwenye mstari, akalala na fahari yake.

Wiki ya kwanza ukatokea mduara mweupe. Wiki ya tatu mduara ukawa ukoko. Kufika Mei, LaVonne alikiinua kitangi dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Verlyn, hiki kitu kimeota jino."

"Kisugue na siki."

"Nimekisugua na siki mara nne. Jana umeamka unasema umeota achari."

Na hapa ndipo panapochekesha, kama una moyo wa kucheka. Kaunti nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuliko Verlyn kilichokuwa kikitokea mle ndani. Maji yakienda mvuke, chokaa haiendi popote. Alikuwa akiwaeleza hivyo watoto wa darasa la tatu kila walipoletwa kutembelea nyumba ya pampu. Alijua pia kwamba maji salama ya kunywa si lazima yawe salama ya kuvuta puani usiku kucha, hasa kwa mwenye kifua kibovu. Alijua yote hayo, akaendelea kujaza. Kiburi bwana, hakina darasa.

Mwezi huohuo halmashauri ikatoa tangazo. Kaunti ilikuwa inatandaza bomba kubwa kutoka mtoni, maji laini yasiyo na chokaa nyingi, na Dornum ingeweza kujiunga na kufunga kisima chake. Meya, Delbert Huisman, alilipenda bomba hilo. Watu wangeamua Septemba kwa kunyoosha mikono, na halmashauri ikaahidi kufuata mikono hiyo. Verlyn alisoma tangazo amesimama, akalisoma tena amekaa. Kisima kikifungwa, miaka yake thelathini na mmoja inafukiwa kwa changarawe na mfuniko wa zege.

Akaanza kampeni. Akapita nyumba kwa nyumba, akanywa glasi ya bomba katika kila jiko alilokaribishwa, mpaka kibofu kikamlalamikia. "Maji ya Dornum yanafaa kwa kila kitu," aliwaambia. Na Alhamisi ya kwanza ya Juni, mashine ikiwa imeanza kupiga mluzi, alipanda gari, akaendesha maili ishirini na tano mpaka mji wa Carver, akanunua galoni mbili za maji ya mvuke.

Kwa nini asinunue Dornum? Wewe hujaishi Dornum. Pale ukiweka kitu kwenye kikapu, kabla hujafika kaunta kimeshafika kanisani. Hata kule Carver, binti wa kaunta hajamuuliza lolote, Verlyn akajieleza mwenyewe.

"Ni ya pasi," alisema.

Binti aliitazama shati yake, iliyokuwa na makunyanzi tangu kolani hadi kiunoni. "Sawa, baba."

Tangu hapo kila Alhamisi ikawa ni Carver. Galoni zilisafiri chini ya turubai, zikavuliwa karatasi zake gereji, zikafichwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyuma ya boksi la mti wa Krismasi. LaVonne alimkuta siku moja amepiga magoti kule chini na tochi mdomoni.

"Wenzangu waume zao wanaficha wanawake," alisema. "Wangu anaficha maji."

"Punguza sauti."

"Kuna nani humu? Verlyn, si uwaambie tu? Ya kunywa ni ya kunywa, ya mashine ni ya mashine. Nani asiyeelewa?"

"Delbert ataelewa sana. Atasema fundi mwenyewe hayaamini maji yake."

Na ni kweli Delbert angesema hivyo, tena kwa upole.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa zimamoto. Magari yalitolewa nje, viti vya kukunja vikapangwa, na kama ilivyo ada kina mama walileta vyakula vya kuoka na saladi za jeli, maana kule hata ugomvi hauanzi watu hawajala. Verlyn alisimama na daftari zake. Alizungumza vizuri. Aliwakumbusha ile wiki ya Krismasi aliyowatangazia wote wachemshe maji, kwa sampuli moja tu yenye shaka, na jinsi walivyomnunia mpaka mwaka mpya. Akanywa glasi nzima mbele yao. Wakapiga makofi.

Kisha Delbert akainuka, akitabasamu.

"Verlyn, sote tunakupenda, hilo halina mjadala. Nina swali dogo tu. Ile mashine yako ya kulalia, unaitia maji gani?"

Mtu mmoja aliacha kutafuna. Verlyn alimwona LaVonne safu ya pili, akimtazama kwa macho ya kumsihi, na hakujua anamsihi aseme au asiseme.

"Ya bomba," alisema.

"Ya bomba letu?"

"Ya bomba letu. Si mabaya."

Alilisema akiangalia sakafu. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuongeza wala kupunguza hata nukta kwenye daftari, na uongo wake wa kwanza kazini aliusema mbele ya mji mzima, amesimama kando ya bakuli la saladi ya viazi. Mikono ikahesabiwa. Arobaini na saba kwa kisima, kumi na tisa kwa bomba la kaunti. Delbert alikuja kumpa mkono. Njiani kurudi LaVonne alisema, "Hongera," na Verlyn akaomba Mungu asiseme kitu kingine.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Verlyn ilikuwa na urefu wa usiku mmoja. Asubuhi alikwenda kusoma mita kwa Ardith Janssen, mpiga kinanda wa kanisa, mjane wa miaka themanini. Ardith alikuwa na mashine kama ile, na kifua kilichokwisha kumlaza hospitali mara mbili kwa nimonia. Alimkuta uani, ameshika galoni, anamwagia maua yake.

"Ardith, unafanya nini?"

"Haya ni yale maji ya mvuke. Sina haja nayo tena. Kama fundi mwenyewe anatumia ya bomba, mimi ni nani?"

Jana Verlyn alikuwa ameokoa kisima, na leo bibi huyu angekwenda kukivuta kisima hicho mapafuni usiku kucha, kwa kumwamini yeye. Alivua kofia.

"Usitie ya bomba, Ardith. Tafadhali. Kifua chako hakiwezi."

"Lakini jana ulisema..."

"Jana nilidanganya. Natumia ya galoni. Nayafuata Carver tangu Juni. Nitakwenda kwa Delbert sasa hivi nimwambie, wapige kura upya, wafunge kisima, lolote, ila wewe usitie."

Ardith aliinamisha galoni, akamalizia tone la mwisho kwenye mizizi.

"Hatimaye," alisema. "Humu mlikuwa na maji ya bomba. Nimeyajaza mwenyewe nilipoona gari lako linakata kona. Ya mvuke ninayo ndani, na sitayamwaga ng'o."

"Umejuaje?"

"Yule binti wa kaunta Carver ameolewa na mpwa wangu. Sote tunajua, Verlyn, tangu wiki ya kwanza. Delbert naye anajua, ndiyo maana akakuuliza. Na tulio na mashine hizi tuko tisa mjini, kila mtu na galoni zake. Tulizificha tusikuumize."

Verlyn alishika ukingo wa kibaraza. "Basi mbona mlininyooshea mikono? Mmemsikia mtu anadanganya, mkampa kura?"

"Mimi nilikuja pale niko upande wa bomba la kaunti, nisikufiche. Nimechoka kukwangua birika. Halafu ukafungua mdomo. Masikio yakawa mekundu, sauti ikapasuka, ukaongea na sakafu. Nikajiambia, Bwana wee, huyu mtu hawezi kudanganya hata galoni mbili za maji. Basi zile daftari zote, miaka yote ile, aliandika ukweli mtupu. Nikanyoosha. Nikageuka nyuma, nikaona wenzangu nao wananyoosha."

Verlyn akapiga magoti kwenye udongo ulioloa, akafunua kifuniko cha mita, akatoa daftari na kalamu, akainama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba tano.

"Nisomee wewe, Ardith," alisema. "Mimi sizioni."