Jina Nililoliita Ziwani

Nilipokuwa darasa la tano, huko kijijini kwetu Daudi, bibi yangu alinipa sharti moja kabla ya safari ya shule kwenda ziwani: nisitaje jina la mtu nikiwa karibu na ziwa. Alisema maji yale ya juu msituni yana wenyewe. Wakishalijua jina lako, watakuita siku wanayotaka wao, nawe utaitika. Aliyasema hayo huku akinifungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, kwa sauti ileile ya kunikumbusha kuchukua sweta.

Wenzangu wote walikuwa wameambiwa hivyo hivyo kwao. Mwalimu wetu ndiye hakujua, maana alikuwa mgeni kutoka Tanga, na sisi hatukuwa watoto wa kumwelekeza mwalimu. Tulipofika ukingoni, kila mmoja aling'oa nyasi mbichi akaziweka majini kwa adabu, kuwasalimu wenye maji. Mwalimu alidhani ni mchezo, naye akang'oa zake akicheka. Kuanzia hapo tukawa tunaitana "we mwenye kofia" na "we wa nyuma".

Wakati wa kula, Paskalina, rafiki yangu wa dawati moja, aliniomba nimsindikize vichakani ajisaidie. Nilikuwa katikati ya hindi langu.

"Nenda tu, si hapo nyuma?" nikamwambia.

Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Ukungu wa milima yetu haupigi hodi. Kabla sijamaliza hindi, ziwa lilikuwa limepotea, na miti pia. Mwalimu akatuhesabu, akarudia.

"Mmoja hayupo. Nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Tukamwonyesha mfuko wa Paskalina. Alitutazama kama watu waliopungukiwa akili, akapuliza filimbi, lakini mlio ulizunguka kuta za mlima hata usingejua umetokea wapi. Chini ya matete palikuwa na matope laini ambayo hata ng'ombe wakiyaingia hawatoki. Sote tulilijua hilo.

"Ninyi msitoke hapa," akasema, akawachukua wavulana wawili wakubwa wakatafute upande wa pili. "Mwiteni kwa jina, msinyamaze, afuate sauti zenu."

Alipoondoka tukanyamaza kimya. Mwalimu atashangaa sana siku akijua kwamba watoto wake watiifu walisimama pale midomo imefungwa. Tukimwita, maji yatamjua. Tusipomwita, atatembea mpaka matopeni. Nilianza kulia. Mimi ndiye niliyekataa kunyanyuka, na sasa nilitakiwa tena kumkabidhi kwa maji kwa mdomo wangu.

Ndipo nikapiga kelele, "Veronika! Veronika!"

Ni jina langu. Daniel, mwana wa jirani yetu, alinishika mkono.

"Umechanganyikiwa? Unajitaja mwenyewe?"

Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka koo likawasha. Niliogopa kweli. Sijui niliita mara ngapi. Halafu matete yakachakarika, Paskalina akatokea, matope mpaka magotini, viatu mkononi.

"Uko hapa?" akaniuliza kwa hasira. "Nilifikiri umepotea! Nilikuwa naelekea kule chini, nikasikia unaitwa, nikageuka nije nikutafute."

Nikamkumbatia na matope yake yote.

Nyumbani nilimweleza bibi kila kitu. Hakunigombeza. Alinitazama, akasema, "Basi jina hilo hatulitumii tena hapa." Mpaka alipofariki aliniita "mjukuu" tu, na kila aliponiona naenda mtoni kuteka maji alikatiza kazi yake akanifuata.

Leo mimi ni mtu mzima na siamini kwamba maji yana masikio. Lakini siku ile niliamini kabisa, bila shaka hata moja, na bado nikaita. Nikijikumbuka mtoto niliyekuwa, mchoyo wa dakika mbili na hindi moja, hilo hunifariji.

Paskalina anaishi Basotu siku hizi. Tukikutana kwenye harusi au msiba, lazima awasimulie watu jinsi alivyoniokoa nilipopotea ziwani. Jinsi darasa zima lilivyokuwa likiniita, na yeye peke yake akathubutu kuja. Huwa namwacha amalize. Kisha namshukuru.