Salamu za Wakili Getini

Kila asubuhi wakili yule, mbunge wa zamani, husimama getini kwake Bariadi ndani ya suti inayompwaya, akiwaita wapita njia kwa majina ya baba zao. Tangu ashindwe uchaguzi, watu humwitikia huku wakitembea.

Leo alipita Milembe na furushi la pamba kichwani.

"Mwangaluka, ng'wana Mboje! Simama kidogo tuongee, mama."

Milembe akasimama. Wakati mmoja mahakamani, akiwatetea ndugu za marehemu mume wa Milembe walipotaka kumnyang'anya shamba, wakili huyu alimwambia hakimu kwamba mjane huyu hajulikani ametoka wapi.

"Kumbe baba yangu unamjua," alisema, akaondoka bila kuitikia salamu.

Nyuma yake wakili alianza kueleza habari za mvua, kwa sauti ya jukwaani, na barabarani hapakuwa na mtu.