Waliokuwa Wakiningoja Iyula

Kisa hiki hata mke wangu sijamsimulia. Miaka ile nilipiga gitaa katika bendi ya roki iliyozunguka nchi kwa lori. Asubuhi moja, tukielekea Tunduma, dereva alisimama Iyula apoze injini. Niliamka nusunusu, nikaona ndani ya ukungu watu wenye nguo nyeupe wamejipanga kando ya mibuni, wanaimba taratibu.

Nilivyo mpenda sifa, nikajua wanatungoja sisi. Nikashuka na joho langu la jukwaani, la zambarau, refu hadi miguuni. Wimbo ukapanda. Wasichana wakanivika maua, nami nikawapungia mkono kama niko ndotoni. Mama mmoja akapiga magoti, akaninyooshea mtoto wake mchanga.

“Baba, tumekungoja tangu juzi,” alisema. “Mguse na huyu.”

Nikamshika mtoto kichwani, kisha nikamuuliza, “Mama, ungependa nianze kupiga wimbo gani?”

Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Mzee wa kanisa akanisogelea, akanitazama kuanzia nywele zangu timtimu hadi viatu vyangu vya raizoni, vile vya soli nene ndefu.

“Samahani, kijana,” alisema kwa upole. “Kwani wewe siye Askofu?”