Kikombe cha Mjumbe

Juzi, kwenye matanga ya ami yangu hapa Al Khoudh, aliingia mtoto wa mjumbe wa zamani wa baraza, naye sasa mgombea mpya, na kilio kilekile cha babake.

Nikakumbuka alasiri ya matanga ya babu, sebule ikinuka udi na iliki. Mjumbe alinikumbatia akilia kwa kwikwi, nikadhani ni nduguye babu kweli. Kwa mapenzi nikamjazia kahawa mpaka ukingoni.

Ami huyohuyo akanifinya. “We mtoto! Mgeni akijaziwa hivyo, ndo kaambiwa ende zake!”

Uchaguzi ukapita, bibi akafa, na mnafiki yule hata uso wake hatukuuona. Kumbe alikuwa akililia kura.

Basi juzi dele la kahawa nililishika mwenyewe. Mwanawe nikamjazia mpaka kikombe kikafurika.