Wadudu Hawakai Matanga

Selestina wa Keza amechoka, na mimi jirani yake sioni kwa nini asichoke. Msimu uliopita wadudu walimlia maharage, akabaki na kikapu kimoja tu cha mbegu. Hicho kikapu chote sasa kiko ardhini. Maharage haya nayo yakiliwa, hana cha kupanda tena wala cha kupika.

Mdudu mwenyewe ni kitu kidogo, rangi ya chungwa lililoiva, mgongo unang'aa. Hulala udongoni kiangazi chote. Mvua za kwanza zikinyesha, huyo juu, anatoboa majani mpaka yawe kama chujio. Dawa yetu ni kumwokota asubuhi mapema, kabla jua halijampa nguvu, na kunyunyiza majivu umande ungalipo. Ukipumzika kidogo tu, umekwisha.

Katikati ya kazi hiyo, Havyarimana akafariki. Shamba lake limepakana na la Selestina. Kwetu, mpaka matanga yaanuliwe, hakuna anayekanyaga shamba. Ukionekana huko, siku ukifiwa utazika peke yako. Selestina akakaa msibani, akachota maji, akapika, na kila akifumba macho anaona majani yanatobolewa.

"Mama Irambona, hapa namlilia nani mimi?" aliniuliza.

Nilikuwa na hasira tu, na mila zetu na huyo mdudu.

Kesho yake alijifanya anakwenda kutafuta kuni, kopo la majivu amelificha ndani ya kitenge. Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyoona aibu, akigeuka nyuma kila hatua. Akapenya migombani, akatokea shambani, akasimama ghafla.

Ng'ambo ya mpaka kuna mtu ameinama. Ni Niragira, mjane wa marehemu, anaokota wadudu kwenye maharage yake.

Wakatazamana. Selestina alitaka kumpa pole, mwenzake akamtangulia.

"Usinitangaze, dada yangu," Niragira alisema. "Haya aliyapanda yeye. Yakiisha, nitabaki na nini kilichotoka mkononi mwake?"

Selestina aliangalia kopo lake. Majivu yalitosha matuta machache tu. Akavuka mpaka, akaanza kunyunyizia maharage ya marehemu.

Ya kwake aliyarudia kwa mikono mitupu, jua limeshapanda, wadudu wameshaanza kuruka.