Albamu Niliyoiita Kelele za Mabati

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kisumu, mwanangu, wiki mbili tu baada ya kurudi kutoka ng'ambo. Nilikuwa na diploma ya ufundi wa sauti, na hakuna aliyenisomesha. Niliosha vyombo vya hoteli miaka minne nikajilipia karo mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hapiti kimya. Mimi nilivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Odhiambo, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alinijia na sidii. Yeye na vijana watatu walikuwa wamerekodi albamu ya thrash, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokwenda mbio hadi mpigaji anahema. Hakuna redio iliyoitaka. Wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba nikisema inafaa wataendelea, na nikisema haifai, wataachana nayo. Alinieleza hayo akitazama viatu vyake.

Niliisikiliza dakika mbili. Muziki huo nilikuwa nimeuona ukipigwa jukwaani huko ng'ambo kwa wenyewe, basi nikaanza kuhesabu makosa: ngoma zinatangulia magitaa, mwimbaji analia badala ya kunguruma.

"Omera, ndugu yangu, hizi ni kelele za mabati," nilimwambia. "Thrash haipigwi hivi."

Hakubisha. "Wewe ndiye umesoma, bwana," alisema, akaenda zake, sidii akaniachia. Bendi ikavunjika mwezi huo. Odhiambo akahamia Bondo, akawa fundi wa kuchomelea milango. Mimi nikafungua studio, ya kwanza mtaani kwetu kuwa na kiyoyozi, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Ikapita miaka zaidi ya ishirini. Mwaka jana tulimzika mjomba wangu karibu na Pap Onditi, huko Nyakach. Unajua desturi yetu: mzee akifa, wanaume huswaga ng'ombe kwa mbio, na pembe na ngoma, kukifukuza kifo kitoke bomani. Mbio hizo tunaziita tero buru. Sikuwa nimezikimbia mbio hizo tangu ujana. Nikakimbia na suti yangu. Mpiga ngoma hakuzisubiri pembe, alizivuta, na nyuma yake mtu mmoja akilia kwa sauti ya kupasuka. Ngoma hiyo nilikuwa nimeisikia mahali. Nilisimama katikati ya vumbi, ng'ombe wakinipita huku na huku, hadi binamu yangu akanivuta kando akiuliza kama sukari imepanda.

Niliporudi mjini niliitafuta ile sidii, nikaisikiliza yote, mara tatu. Kosa sikuliona. Ngoma zilikuwa zikiyaswaga magitaa kama ng'ombe. Katika wimbo wa nne Odhiambo analiita jina la baba yake, aliyefariki nikiwa ng'ambo. Mimi, mwana wa Nyakach, nilikuwa nimesikia kilio cha kwetu nikakipima kwa kipimo cha wageni.

Nilikwenda Bondo kesho yake. Odhiambo alizima mashine, akavua miwani ya kazi, akanisikiliza. Nilimsimulia zile mbio za mazishi, nikakiri kosa langu, nikamwomba awakusanye wenzake tena.

"Nani?" alicheka. "Mmoja ni pasta, wawili hata sijui waliko. Na hivi vidole moto umevimaliza." Kisha akaipangusa ile miwani kwa shati. "Wimbo wa nne uliusikia mpaka mwisho?"

Nikamwambia niliusikia.

"Huo ndio ulikuwa tero buru ya baba. Basi amepata mkimbiaji mwingine," alisema, akakalia geti ambalo hakuwa amelimaliza, akajifuta uso kwa mkono wenye masizi.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Soma, tena soma sana, maana kusoma kumenifaa. Lakini mtu akikuletea kazi ya mikono yake, isikilize yote kabla ya kufungua mdomo, na umuulize imetoka wapi kabla ya kuuliza inafanana na ya nani. Na ukigundua ulikosea, mwendee hata kama umechelewa. Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi usio na haraka, na wale unaowapenda wasingoje miaka kusikia neno jema kutoka kwako.